Hans Berger, Mtu Aliyepima Umeme wa Ubongo

Katika jarida letu tumezoea kusoma maisha ya waandishi, washairi na mabingwa wa sarufi. Safari hii naleta maisha ya daktari wa wagonjwa wa akili, Mjerumani Hans Berger, aliyefariki mwaka 1941. Sababu ninayo. Kazi yangu ya utafiti inahusu namna msikilizaji anavyotambua toni za lugha zetu katika sauti iliyorekodiwa, na kila ninapofungua maandishi juu ya jambo hilo nakutana na kipimo chake. Wahandisi wa simu, redio na televisheni wanataka kujua kama sauti au picha wanayotuma inapokelewa vizuri. Zamani walimwuliza tu mtumiaji. Siku hizi wengine wanamvika kofia yenye nyaya na kusoma umeme wa ubongo wake. Umeme huo katika kichwa cha binadamu, wa kwanza kuuandika ni Berger. Nami naona haifai kushika chombo bila kumjua aliyekitengeneza, hasa kama maisha yake yana jambo la kutuonya.

Alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 katika kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake, Anna, alikuwa binti wa Friedrich Rückert, na hapa sisi watu wa lugha tunapaswa kusimama kidogo. Rückert alikuwa mshairi na profesa wa lugha za Mashariki, kwanza Erlangen, baadaye Berlin. Inasemekana alijifunza lugha zaidi ya 40. Alitafsiri kwa Kijerumani sehemu za Kurani, Makamat za Hariri na mashairi mengi ya Kiajemi. Alipofiwa na watoto wawili kwa ugonjwa, aliandika mashairi ya maombolezo zaidi ya 400, na baadhi yake yalitiwa muziki na Gustav Mahler. Rückert alifariki Neuses mwaka 1866, miaka saba kabla ya mjukuu huyu kuzaliwa. Basi Hans alikulia katika kijiji ambamo jina la babu lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote. Babu alitafuta yaliyomo moyoni mwa watu kwa njia ya maneno yao. Mjukuu alitafuta jambo lilelile kwa njia nyingine kabisa.

Mwanzoni kijana huyu alitaka kuwa mtaalamu wa nyota. Alianza masomo ya hesabu, akayaacha upesi, akaenda kutumika jeshini kwa mwaka mmoja. Huko kulitokea jambo lililogeuza maisha yake. Walikuwa katika mazoezi karibu na Würzburg, yeye akiwa juu ya farasi. Farasi akashtuka, akasimama kwa miguu ya nyuma, naye Berger akaanguka mbele ya mzinga uliokuwa ukikokotwa na farasi wengine. Gurudumu lilisimamishwa dakika ya mwisho. Aliokoka bila jeraha. Jioni ileile akapokea telegramu kutoka kwa baba yake ikimwuliza habari za afya yake. Dada yake, aliyekuwa nyumbani mbali sana, alikuwa ameingiwa na hofu ghafla kwamba kaka yuko hatarini, akamshikilia baba mpaka akatuma ujumbe.

Kwetu mtu akisimuliwa habari ya namna hii hashangai sana. Kila ukoo una hadithi ya mama aliyejua kabla ya kuambiwa. Lakini Berger hakuridhika kuiacha iwe hadithi. Aliamini kwamba katika dakika ile ya hofu mawazo yake yalisafiri hadi kwa dada yake, na kama mawazo yanasafiri, basi yana nguvu, na kama yana nguvu, inawezekana kuyapima. Akaacha nyota, akaingia masomo ya udaktari. Jambo hilo alilitunza moyoni karibu miaka 50 kabla ya kulieleza kwa maandishi, mwishoni mwa maisha yake.

Mwaka 1897 alipata udaktari wake na kuingia kliniki ya wagonjwa wa akili ya Jena, chini ya Profesa Otto Binswanger. Hakutoka tena Jena isipokuwa kwa vita. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine: mwaka 1912 daktari mkuu, mwaka 1919 profesa na mkurugenzi wa kliniki mahali pa Binswanger, na mwaka 1927 rekta wa chuo kikuu. Mwaka 1911 alimwoa Ursula von Bülow, aliyekuwa msaidizi wake katika maabara, wakazaa watoto wanne. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa daktari wa wanajeshi upande wa Ufaransa. Waliofanya kazi naye walimwona mtu mkimya, mkali wa saa, ambaye kila siku aliifanya ifanane na ya jana. Asubuhi na mchana alihudumia wagonjwa. Jioni alijifungia katika chumba chake cha majaribio, na wengi hawakujua anafanya nini humo.

Alikuwa anatafuta ile nguvu ya nafsi. Kwanza alipima mwendo wa damu katika ubongo wa watu ambao fuvu lao lilikuwa na tundu kwa sababu ya jeraha au upasuaji. Aliona damu ikibadilika mtu akishtuka au akiwaza, lakini hakupata hesabu aliyoitaka. Halafu akapima joto la ubongo, akaandika kitabu juu yake mwaka 1910. Huko nako mlango ulifungwa. Zaidi ya miaka 20 ilipita hivyo. Umeme ndio uliobaki.

Kwamba ubongo wa mnyama hutoa umeme lilikuwa jambo linalojulikana. Mwingereza Richard Caton wa Liverpool alikwisha kulieleza mwaka 1875 baada ya kupima sungura na nyani. Kwa binadamu hakuna aliyekuwa amefanikiwa. Shida ilikuwa udogo wake. Betri ya kawaida ya redio ina volti 1.5, umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi ya kichwa ni makumi machache ya mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti. Ni kama kutaka kusikia mazungumzo ya nyumba ya pili huku mvua inapiga mabati. Berger mwenyewe hakuwa fundi wa umeme. Alikuwa na galvanometa ya uzi, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kupima moyo, na subira.

Tarehe 6 Julai 1924, kijana wa miaka 17 alikuwa akipasuliwa kichwa na daktari Nikolai Guleke huko Jena. Berger aliweka elektrodi zake, na uzi wa galvanometa ukatikisika. Mtu mwingine angekimbilia kuchapisha. Yeye alikaa miaka mitano akijishuku. Je, si mapigo ya moyo? Si damu inayotikisa ubongo? Si misuli ya paji la uso, wala ngozi? Kila shaka aliitafutia jaribio: alipima moyo na ubongo kwa pamoja aone kama mistari miwili inafuatana, alibadilisha elektrodi, alibadilisha mahali, alirudia. Alipima wagonjwa, akajipima mwenyewe, akampima mwanawe Klaus mara nyingi sana. Katika makala ya kwanza mna vipimo zaidi ya 70 vya kijana huyo.

Makala yenyewe ilitoka mwaka 1929. Alikipa kipimo chake jina la elektroensefalogramu, ambacho leo tunakiita EEG kwa kifupi. Alionyesha kwamba mtu aliyetulia na kufumba macho hutoa mawimbi makubwa yanayojirudia mara 10 hivi kwa sekunde. Akayaita mawimbi ya alfa. Akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kufanya, yale makubwa hupotea na yanabaki madogo ya haraka zaidi, aliyoyaita beta. Maana yake ni hii: kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona kwenye karatasi kwamba mwenzake amegeuza usikivu wake, hata kama hakusema neno.

Wajerumani wenzake karibu wote walinyamaza. Wataalamu wa ubongo walidhani ni kelele za mashine. Mambo yaligeuka mwaka 1934, Edgar Adrian wa Cambridge, aliyekuwa na tuzo ya Nobel ya mwaka 1932, aliporudia majaribio pamoja na mwenzake Matthews, kwa nia ya kuhakikisha kama ni kweli. Alfa za Adrian mwenyewe zilionekana wazi kabisa. Wakayaita mawimbi hayo kwa jina la Berger. Mwaka uliofuata madaktari wa Boston walionyesha kwamba aina fulani ya kifafa ina alama yake katika EEG: mawimbi yenye ncha, mara tatu kwa sekunde. Kwa familia za wenye kifafa, ambao duniani kote walikuwa wakidhaniwa wamerogwa au wana pepo, huo ulikuwa ushahidi wa kwanza unaoonekana kwa macho kwamba ni tukio la umeme katika kiungo cha mwili. Berger aliendelea kuandika mpaka mwaka 1938, makala 14 za mfululizo. Nguvu inayoruka kutoka kichwa hadi kichwa hakuipata kamwe.

Mpaka hapa maisha haya yanafaa kusomwa kwa watoto shuleni. Yanayobaki ni magumu zaidi, nami sitayaruka.

Mwaka 1933 chama cha Hitler kilishika serikali, na mwezi wa Julai ikatoka sheria ya kuwakata uzazi watu waliosemekana kuwa na magonjwa ya kurithi. Orodha ilikuwa na wenye skizofrenia, wenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa moyo, vipofu na viziwi wa kuzaliwa, na wenye kifafa. Ziliundwa mahakama maalumu: hakimu mmoja na madaktari wawili, milango imefungwa. Mtu aliyehukumiwa aliweza kupelekwa kwa nguvu kwenye upasuaji. Watu 400,000 hivi walikatwa uzazi kwa njia hiyo.

Kwa miaka mingi baada ya vita ilisimuliwa kwamba Berger aliwapinga wale watu, na kwamba walimfukuza kazini mwaka 1938. Hati zilizochunguzwa baadaye zinasema vingine. Mwaka 1938 alikuwa na miaka 65, na alistaafu kwa heshima. Alikuwa mwanachama mfadhili wa SS. Tena alikaa katika mahakama ile ya Jena, akashiriki maamuzi ya kuwakata watu uzazi. Mwaka 1941, akiwa mzee aliyekwisha kustaafu, aliombwa kurudi katika kazi hiyo, akakubali kwa moyo mweupe. Tarehe 1 Juni mwaka huohuo, baada ya kipindi kirefu cha huzuni nzito, alijinyonga katika kliniki aliyoiongoza. Alikuwa na miaka 68.

Nimelisoma jambo hili mara kadhaa nikijaribu kuliunganisha, na viungo vyake havikai pamoja kwa urahisi. Mtu aliyengoja miaka mitano kwa hofu ya kudanganywa na mtikisiko wa uzi, alikubali katika kikao kimoja kwamba fulani asizae. Mtu ambaye kipimo chake kilisaidia kumtoa mwenye kifafa katika aibu, alikaa kwenye meza ambapo kifafa kilikuwa hukumu. Naye mwenyewe aliugua moyo, maradhi ya jamii ileile iliyokuwa ikijadiliwa mezani. Mjukuu wa mtu aliyejifunza lugha zaidi ya 40 ili asikie watu wa mbali, hakuona haja ya kumsikiliza aliyesimama mbele yake. Sisemi kwamba EEG ndiyo iliyomfanya hivyo. Nasema tu kwamba kupima kwa uangalifu hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki. Ni mafunzo mawili tofauti.

Sasa nirudi kwa wahandisi wa sauti, maana huko ndiko kipimo cha Berger kinakotukuta sisi.

Ili kujua ubora wa simu au video, desturi ni kukusanya wasikilizaji na kuwaomba alama kutoka 1 hadi 5, ambapo 5 ni bora sana na 1 ni mbaya. Wastani wa alama hizo ndio kipimo kinachokubaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano wa Geneva. Ni njia rahisi, lakini mwanafunzi wa isimu anaona tundu zake mara moja. Alama zina majina, na majina ni maneno ya lugha. Umbali kati ya nzuri na wastani katika Kifaransa hauna sababu ya kulingana na umbali wake katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambamo mtu akisema si mbaya huenda anasifu sana. Tena kuna adabu: mzee aliyepewa kiti na soda hatasema mbele ya mwenyeji kwamba sauti ni mbovu.

Ndiyo maana baadhi ya watafiti waligeukia EEG. Tangu mwaka 1965 inajulikana kwamba mtu akisikia kitu adimu alichokuwa akikingoja katikati ya vitu vya kawaida, ubongo wake hutoa wimbi chanya milisekunde 300 hivi baadaye; linaitwa P300. Basi wanamsikilizisha mtu silabi au neno safi mara nyingi, na mara chache wanatia lililoharibiwa. Kadiri uharibifu unavyosikika, ndivyo wimbi linavyokuwa kubwa na kuwahi. Katika baadhi ya majaribio ubongo ulijibu hata pale msikilizaji aliposema hakusikia tofauti. Alfa za Berger nazo zina kazi: mtu anayesikiliza sauti mbovu kwa muda mrefu huonyesha dalili za uchovu katika mawimbi yake kabla hajalalamika. Na sisi wa lugha tunayo N400, iliyoelezwa mwaka 1980, inayotokea mtu anapokutana na neno lisilofaa maana ya sentensi. Kwa hiyo inawezekana kutenganisha mambo mawili ambayo alama ya 1 hadi 5 huyachanganya: sauti kutopendeza, na maana kupotea.

Kwa lugha zenye toni swali hili si la anasa. Simu ya kawaida ya zamani hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume huwa karibu na hezi 100, yaani haupiti kabisa. Sikio huujenga upya kutokana na mitetemo ya juu. Katika Lingala, moto kwa toni za chini ni mtu, na motó yenye toni ya juu mwishoni ni kichwa. Ubanaji wa sauti ukiharibu mitetemo ya juu nayo, msikilizaji atategemea muktadha, atachoka, na pengine bado atatoa alama 4 kwa sababu alielewa mwishowe. EEG ingeweza kuonyesha gharama ya kuelewa huko. Nani mwingine atalipima jambo hili katika Lingala, Kiluba au Ciluba kama si sisi?

Lakini kipimo hiki kina mlango mwembamba. P300 ya mtu hupatikana kwa kurudia makumi ya mara na kuchukua wastani, kwa maana kupepesa jicho au kuuma meno kunafunika kila kitu. Na elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa. Nywele nene za kipilipili, au zilizosukwa, huizuia, na watafiti wa nje wamekiri kwamba watu wenye nywele kama zetu mara nyingi wameachwa nje ya majaribio kwa sababu hiyo tu. Mama aliyesukwa jana hatafumua nywele zake kwa ajili ya saa moja ya maabara, naye ana haki. Basi wastani unaotoka unaitwa wa binadamu, kumbe wengine hawakuingia hata mlangoni. Elektrodi za kupita katikati ya misuko zimeanza kutengenezwa. Kwa kitivo kitakachotaka kuanza kazi hii, hicho ndicho kifaa cha kuuliza kwanza, kabla ya kompyuta.

Katika kazi yangu nimepanga kutumia alama na maswali pamoja, na siku tutakapopata EEG nitaiongeza juu yake, sitaiweka mahali pake. Msikilizaji akisema kitu kimoja na ubongo wake ukaonyesha kingine, nitaandika yote mawili, kisha nitarudi kwake kumwuliza. Berger alikuwa na subira ya kurudia kipimo mara 70 kwa kichwa kimoja. Katika chumba cha mahakama, kwa watu ambao majina yao yako katika hati za Jena, subira hiyo hakuitumia.